Sanda Isiyo ya Pamba

Wamama wa chama cha parokia walileta sanda ya mama yangu asubuhi moja, mwenyewe akiwa anakunywa uji. Nasema hivi ili ujue tangu mwanzo watu wa Kasongo wako na haraka gani na musiba wa mwenzao. Dokta alikuwa amesema moyo umechoka, maji yamejaa miguuni, labda wiki tatu, labda sita. Dokta anasema labda, wao wanakuja na kitambaa kimekunjwa vizuri, kikwembe cheupe chenye picha ya Bikira Maria pembeni, metre sita. Walikiweka juu ya meza karibu na kikombe cha uji.

Mama yangu aliitwa Régina. Alikuwa na miaka themanini na saba, na ulimi wake haukuwa na ugonjwa wowote. Aliweka kijiko chini, akakitazama kile kitambaa.

"Hii ni nini?"

"Mama, ni ya kukusitiri siku ikifika," alisema Pascaline, mukubwa wa chama.

"Iko pamba?"

"Pamba ya kweli, mama. Si nailoni."

"Basi iondoeni hapa. Pamba haiingii na mimi kaburini. Mutanizika na kiramba."

Pascaline alinigeukia mimi, binti wa Régina, akidhani ni mimi nimemufundisha mama. Kisha akajaribu kucheka. "Eh mama, wazee walisema maiti haulizwi sanda."

"Mimi bado si maiti," mama akasema. "Kwa hiyo niulizeni."

Sasa lazima nieleze kiramba ni nini, kwa sababu hata hapa Kasongo vijana hawajui, na hiyo ni hasira yangu ya kwanza. Kiramba ni kitambaa cha nyuzi za majani ya mubondo, ule muti wa bondeni tunaotengenezea viti. Wanaume walikifuma nyumbani. Viramba vilivaliwa, vilitolewa mahari, vilinunua chumvi na samaki kule Nyangwe wakati Nyangwe ilikuwa soko la kweli. Kila nyumba ilikuwa na rundo lake darini, kwenye moshi, ili wadudu wasile. Mutu akifa, mwenzake anapanda darini, anashusha, wanamufunika, imekwisha.

Mimi mwenyewe ni fundi wa kushona, naitwa Victorine. Mashini yangu iko mbele ya soko miaka thelathini sasa, na kila kinachopita chini ya sindano yangu ni pamba, au nailoni inayojifanya pamba. Nimelea watoto wanne kwa pamba hiyo na mama hakuwahi kunikataza. Lakini siku ile, wamama walipoondoka na sanda yao kwapani, alinishika mukono akaniambia mambo ambayo tangu utoto nilikuwa nikiyasikia nusu nusu.

Alisema kijijini kwao, njia ya Nyangwe, kila mwanaume aliyeoa alipimiwa shamba la pamba na moniteri, musimamizi wa pamba wa serikali. Moniteri alikuwa mweusi kama sisi, kofia ya Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, kichwani, fimbo mukononi. Pamba kwanza, chakula baadaye. Ukionekana umepanda muhogo kabla ya kumaliza pamba, unavuliwa, unalazwa chini, unapigwa mbele ya wakwe zako. Wakati wa mavuno watu walibeba vikapu kichwani hadi kwenye kiwanda cha kuchambulia, wakapimiwa kwa mizani wasiyojua kuisoma, wakapewa franka chache, na meza ya pili, hatua tano tu, karani wa kodi alikuwa anazingojea franka zile zile. Pamba ikapanda treni, ikapanda meli, ikaenda kwenye mashini za Ulaya. Ikarudi kitambaa, na bei yake ilikuwa jasho la misimu miwili.

"Baba yangu alisimama dukani," mama alisema, "akakishika kile kitambaa, akasema, hii ni pamba yangu, naijua, mbona inaniomba pesa? Mwenye duka akamufukuza."

Lakini watu hawakununua. Wanunue kwa nini, na viramba viko darini? Hapo ndipo moniteri alipotumwa kazi nyingine. Ikasemwa kwamba mwanaume anayefuma anaiba saa za pamba. Vitanda vya kufumia, zile fremu za miti wanazofungia nyuzi, vikakusanywa nyumba kwa nyumba, vikarundikwa mbele ya nyumba ya moniteri, vikachomwa. Hakuna aliyetangaza kwamba sasa mutavaa vya dukani. Akufukuzaye hakuambii toka. Watu wakavaa viramba vya darini hadi vikatoboka, vingine vikaingia kaburini na wafu, na baada ya miaka michache dari zote zilikuwa tupu.

"Babu yako tulimuzika na kitambaa cha dukani," mama akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikaona wanamufunga ndani ya pamba ile ile aliyopigiwa. Nikasema moyoni, mimi hapana."

Nilimuuliza kiramba nitakipata wapi, dunia hii ya leo.

"Kule Wamaza, pande za Kabambare. Kuna muzee anaitwa Ismaël, mwana wa Amuri. Kwake kimebaki kitanda kimoja."

"Umejuaje?"

"Watu wanapita, wanaongea. Nenda."

Kesho yake nilifunga mashini. Mama nilimuachia Emmanuella, binti wa marehemu kaka yangu, ambaye alikuwa analala chumba kimoja na bibi yake. Nikapanda pikipiki ya Pitchou, dereva anayejua njia za Kabambare, na safari ya kwenda ikatula siku mbili kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu madaraja. Na hiyo njia, usiniambie habari zake. Babu zetu waliilima kwa mikono, bila malipo, ili pamba ipite. Siku pamba ilipoacha kuwa na faida kwa wenyewe, njia nayo ikaachwa, na leo mwanamuke mwenye uchungu wa kuzaa anabebwa juu yake kwa machela. Tulipishana na pikipiki nyingi zinazotoka na kwenda Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu.

"Mama Victorine, hapa gari haiwezi kupita," Pitchou aliniambia huku anasukuma, matope magotini. "Lakini dhahabu inapita vizuri kabisa."

Nikamuambia babu yangu angecheka kumusikia. Pamba ilikwenda, sasa dhahabu inakwenda, na sisi tuko pale pale tunasukuma.

Wamaza tulifika muchana. Nilikuwa na sukari, chumvi na sabuni, maana mukono mutupu haulambwi. Muzee Ismaël nilimukuta barazani kwake, mwembamba, kofia nyeupe ya sala kichwani, miaka sabini na sita. Mbele yake kilisimama kitanda cha kufumia, miti miwili imesimama, miwili imelala, myeusi kwa moshi. Alinitazama, akatazama vumbi langu, na kabla sijakaa akauliza.

"Nani amekufa?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Najua mwiko, wote tunaujua: kiramba cha kaburi hakifumwi wakati mwenye kukivaa anapumua, ukikifuma unamuita. Zamani mwiko huo haukumusumbua mutu, kwa sababu kulikuwa na rundo darini. Mimi nilikuwa nimepanga kusema ni cha harusi.

"Maana wanaokuja na habari za harusi siwafumii tena," akaendelea, kama amesikia moyo wangu. "Wafanyabiashara wa vitu vya kale walinidanganya hivyo miaka na miaka. Harusi, harusi, kumbe vinapelekwa Ulaya kuwekwa ndani ya vioo. Sasa nafumia wafu tu. Nani amekufa?"

"Mama yangu," nikasema.

Ulimi ulikuwa umekwisha kuniponyoka. Na machozi yakaja, ya kweli, kwa sababu mutu akitamka kwamba mama yake amekufa, hata kwa uongo, kifua kinauma. Muzee alisimama, akainua mikono, akamuombea mama. Mukwe wake Hawa, muke wa mwanawe, akatoka jikoni mbio, akanivua viatu, akanikalisha chini kwenye mukeka kama inavyofanyiwa mufiwa. Yule mwanamuke alinilia mama yangu kama dada wa tumbo moja. Nilitamani ardhi inimeze.

"Amezikwa?" muzee akauliza.

"Bado. Wamemupiga sindano ya foromole asiharibike. Anangoja kiramba."

"Eh, foromole." Alitikisa kichwa. "Vipande vitatu, basi. Vitafika kutoka shingo hadi magoti. Zaidi ya hapo nyuzi sina. Siku nne."

Akaanza saa ile ile. Mimi ni fundi, najua mukono unaojua kazi, na nilikaa pale kwenye mukeka wa msiba wa uongo nikiuangalia ule wa kwake. Alichukua uzi wa jani mumoja mumoja, akaupitisha katikati ya zile zilizofungwa, akaushusha kwa ubao mufupi wenye makali, tak, tak, na kitambaa kikapanda taratibu, rangi ya asali, hakina mushono hata mumoja. Mashini yangu inakimbia, lakini mashini yangu inaunganisha tu. Yule muzee alikuwa anafanya kitambaa kitoke pasipo na kitambaa. Nilifurahi, na kufurahi kwenyewe kukaniudhi, kwa sababu hicho ndicho kitu walichochoma.

Siku ya pili, kipande cha kwanza kimekwisha, nilimuuliza kitanda hicho alikipata wapi. Niliuliza tu ili mazungumzo yasikatike.

"Ni cha baba yangu," akasema, na nikaona amejinyosha mugongo. "Baba yangu Amuri alikuwa mutu mukubwa. Moniteri wa pamba, pande zenu za Kasongo, njia ya Nyangwe. Wazungu walimupa saa ya mukono kwa kazi yake. Alitumwa kukusanya vitanda hivi, akakusanya arobaini, akachoma thelathini na tisa. Hiki alikiona kizuri, akakificha. Uhuru ulipokuja akarudi nacho hapa, akaniletea muzee mumoja wa kunifundisha. Unaona? Kama si baba yangu, leo kusingekuwa na hata kimoja."

Alisema hivyo kwa roho safi kabisa, na nilitaka kumutupia chungu cha mboga ya sombe kilichokuwa mbele yangu. Sasa nikajua kwa nini mama alinituma nyumba hii bila kunieleza. Babu yangu alipigwa na Amuri. Jina hilo nililisikia utotoni, mama alilitaja kwa nadra, akina Amuri ni wengi, na sikuwahi kulifikiria kama jina la mutu mwenye mutoto, mwenye baraza, mwenye mukwe mwema. Na huyu mutoto wake ananieleza kwamba tuwashukuru. Ndivyo wanavyofanya wakubwa wote wa dunia hii, weupe na weusi: wanachoma thelathini na tisa, wanabakiza kimoja, na sisi tunaitwa kuja kukishangaa kile kimoja na kusema asante kwa kutunza. Lakini mimi nilikuwa muongo mwenye kuhitaji kiramba, na muongo hana nafasi ya kukasirika kwa sauti.

"Ndio, muzee," nikasema.

Neno hilo halijashuka hadi leo.

Njia ya muongo ni fupi. Mimi sikujua kwamba Hawa, kwa wema wake, alikuwa ametuma rambirambi kwa dada yake anayeuza samaki soko la Kasongo: mama wa Victorine fundi amefariki, mwende mukawashike mikono. Siku ya tatu, kipande cha tatu kikiwa nusu, telefone ya Hawa ikalia. Ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo ya baraza, mahali pekee network inashika, na spika yake ya sikioni ilikuwa imekufa, kwa hiyo iliongea kwa sauti kubwa tu, uwanja mzima unasikia. Alikuwa Emmanuella, namba amepewa na yule dada wa samaki.

"Tante Victorine? Watu wamejaa hapa. Wanasema wewe ndiye umetangaza. Wamama wa parokia wamerudi na ile sanda, Pascaline amegaragara mulangoni. Nifanye nini?"

Nilirukia telefone, nikaifunika kwa mukono. Haikusaidia kitu.

"Na bibi ameketi kitandani anawasikiliza," mutoto akaendelea. "Amenikataza kufungua. Anasema anataka kujua nani analia kwa uchungu na nani anangojea sufuria."

Muzee Ismaël akashusha ule ubao. Hawa akanitazama, na ningependelea anipige kofi.

"Huyo bibi anayesikiliza," muzee akauliza polepole, "ni nani?"

"Ni mama yangu."

Hakunitukana. Alinyoosha mukono ukutani, akachomoa kisu. "Umenifanya nimuite mutu muzima kwa vidole vyangu. Nyuzi hizi zinakatwa, na hivyo viwili vinachomwa."

Kusikia neno kuchomwa, kila kitu nilichokimeza siku tatu kikapanda. "Choma," nikamuambia. "Nyumba hii inajua kuchoma. Baba yako alichoma thelathini na tisa, wewe umalizie cha arobaini. Unanishikia mwiko, muzee? Mwiko ulikuwa mwepesi wakati kila nyumba ina rundo. Mutu alikufa, wakapanda darini, hakuna aliyehitaji kudanganya. Nani alimaliza rundo? Nani amenifanya mimi, mwanamuke wa miaka hamsini na nane, nimuue mama yangu kwa mudomo ili nimupatie kipande cha kumufunika? Mwiko wenu muliubakiza. Viramba ndivyo mulivyochukua."

"Mimi nilikuwa mutoto mudogo," akasema.

"Na mama yangu alikuwa nini?"

Kisu kilikuwa bado mukononi mwake, na telefone ilikuwa bado wazi mukononi mwangu. Ndani yake kukatoka sauti ambayo haikuwa ya Emmanuella.

"Victorine, nipe huyo mutu."

Nikaiinua. Mama alikuwa anahema, maneno yake yalitoka mawili mawili.

"Wewe ni mwana wa Amuri?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ule ubao unaopigia nyuzi. Ugeuze. Pale dole gumba linapokaa, chini yake, kuna mikato mitatu. Wa kwanza ni wa kaka yangu. Wa pili ni wangu. Wa tatu ni wa mudogo wetu aliyekufa na surua. Baba yetu aliikata siku tulizozaliwa. Tazama."

Hakuwa na haja ya kutazama. Miaka sitini na zaidi kidole chake kilikaa pale. Lakini aliugeuza, na Hawa akasogea, na mimi nikasogea, na mikato ilikuwepo mitatu, imelainika kwa jasho, jasho la babu yangu chini na la kwake juu.

"Baba yangu alikwenda mara tatu kwa baba yako kukiomba," mama akasema. "Mara ya tatu tulikiona kitanda ndani, mulango uko wazi. Baba yako alimupiga fimbo kumi na mbili, na mimi nilikuwa nimeshika shati lake. Sasa sikuombi. Malizia kipande changu."

Network ikakatika. Muzee aliuweka ubao juu ya mapaja, akapitisha kidole juu ya ile mikato. Nilikuwa nangoja neno moja, neno fupi ambalo hata mutoto akikukanyaga muguu analisema. Halikuja. Hata sasa ninapoandika halijaja, na nimekwisha kuacha kulingoja.

"Mwiko ni wa mufumaji na kitanda chake," akasema mwishoni. "Hiki si changu. Mwenyewe ameagiza, mimi sina la kukataza."

Akarudisha kisu ukutani, akafuma. Siku hiyo hakusimama hata kula. Nilimuchukia na nilimushukuru katika saa moja, na sikujua niviweke wapi vitu hivyo viwili.

Siku ya nne alinikabidhi vipande vitatu. Kisha, bila kuombwa, akafungua kamba za kitanda, akakilaza, akakizungushia mukeka, akakifunga nyuma ya pikipiki ya Pitchou kwa mpira wa tairi. Ule ubao alinipa mukononi.

"Nimekitumia vizuri," akasema.

Nikamuambia najua. Nisingeweza kumuambia zaidi, na zaidi asingestahili.

Siku mbili za kurudi mvua ilitupiga bila huruma. Niliingia Kasongo saa nane muchana, nikamukuta Emmanuella ameketi kando ya njia, bila viatu. Nikajua kabla hajafungua mudomo. Mama alikuwa amekufa asubuhi ile ile, alfajiri, baada ya kuuliza kama pikipiki imefika.

Na sikiliza jambo lililotokea, kwa sababu hili ni langu, simusukumii mutu. Wale waliokuja kulia mara ya kwanza walikuwa wamerudi nyumbani na hasira, wengine wanacheka, walipoona maiti anafungua dirisha na kuwauliza habari za kwao. Kwa hiyo asubuhi ile Emmanuella alipopiga kelele, hakuna aliyetoka. Walisema, wa kwa Régina wamezoea. Mutoto wa miaka kumi na sita alikaa peke yake na bibi yake tangu alfajiri hadi karibu saa sita, alipokuja Pascaline kuhakikisha kwa macho. Mimi ndimi niliyeyamaliza machozi ya watu kabla ya siku yake. Niliyamaliza kwa ajili ya vipande vitatu vya majani, na ningekuwa nimevikuta darini kwetu kama watu wangeachwa na kazi ya mikono yao.

Tulimuosha. Nilivishona vile vipande kwa mukono, sikutaka mashini ivisogelee. Muzee alikuwa amesema kweli: shingo hadi magoti. Miguu ilibaki nje, ile miguu iliyovimba, yenye alama za vichaka vya pamba tangu utoto wake. Pascaline alikuja polepole, ameshika kikwembe cheupe, ameshakikata.

"Kidogo tu, Victorine. Cha miguu tu. Ni aibu mama aende hivi."

"Aibu ni kweli," nikamuambia. "Lakini si ya mama. Acha miguu iguse udongo."

Akakikunja tena kile kitambaa. Tukamuzika hivyo.

Kitanda sasa kiko dukani kwangu, kimesimama kando ya mashini. Wateja wanauliza ni kitu gani. Nawaambia ni cha babu yangu, na hapo wanauliza swali la pili, ambalo ni haki yao kuliuliza: kinafanyaje kazi? Mimi, fundi wa nguo miaka thelathini, sijui uzi wa kwanza unafungwa wapi. Nimejaribu. Nimeagiza majani bondeni, nimeyachana kwa kucha, yakanikatikia mukononi moja baada ya jingine. Babu alijua, lakini walimuacha bila kitu cha kumufundishia mutu. Katika nchi yote ninayoijua, mwenye kujua amebaki mumoja, na ni mwana wa Amuri.

Nimekwisha kuongea na Hawa. Mwezi ujao, mvua ikipungua, nitakifunga kitanda cha babu yangu juu ya pikipiki, nitakirudisha Wamaza kwenye baraza ile ile, nitaketi chini mbele ya yule muzee ambaye hajaniomba samahani, na nitamuita mwalimu.